Ndege Iko Wapi?

Mtaani walimwita Mama Vumbi, na hakuna aliyekosea. Asubuhi alikuwa na vumbi la unga, maana kazi yake ilikuwa kuoka mikate kwenye duka la pale kona. Jioni alikuwa na vumbi la mbao, maana starehe yake ilikuwa kuchonga magogo kwa msumeno wa mnyororo. Mumewe, kinyozi, ndiye aliyembandika jina hilo, akidai kwamba tangu amwoe hajawahi kuijua rangi halisi ya nyusi zake.

"Wenzako wana wake wanaofuma vitambaa," wateja walimtania.

"Hata wangu anafuma," kinyozi akajibu. "Ila sindano yake inakunywa petroli."

Vifaa vya Mama Vumbi vilikaa kwenye banda nyuma ya nyumba, na ole wako uviguse. Misumeno ilikuwa miwili. Mkubwa ulikuwa wa kuondoa mapande, au kama alivyosema mwenyewe, wa kulifundisha gogo adabu. Mdogo ulikuwa na bapa jembamba lililochongoka nchani, na huo ndio uliochora macho na makunyanzi. Tofauti hiyo haikuwa ya urembo. Msumeno mkubwa ukiugusisha mti kwa ncha yake, unaruka na kukurudia usoni kabla hujasema "mama", kwa hiyo hakuuwasha hata mara moja bila kofia ngumu yenye wavu mbele, viziba masikio, glavu, viatu vyenye chuma vidoleni na ile suruali nene iliyojaa nyuzi za kuukaba mnyororo usifike pajani. Kulikuwa pia na tupa ya duara ya kunolea meno, grenda, patasi, misasa ya kila namna, na mtungi mdogo wa gesi wa kubabulia mbao zipate wekundu wa mkate uliokolea moto. Huo wa mwisho aliuelewa kuliko vyote.

Aliyemfundisha alikuwa mkata miti wa shirika la umeme, mteja wake wa mikate. Somo la kwanza halikuhusu hata namna ya kuwasha mashine. "Mti hausamehe, mama," alimwambia. "Ulichokata umekata."

"Basi afadhali yangu mimi," kinyozi alidakia. "Nikikosea, nywele zinaota."

Alikwisha kuchonga bundi aliyefanana mno na jirani wa kushoto, kiatu kikubwa ambacho paka walikigeuza kitanda, na dubu ambaye hakuna aliyemtambua kuwa ni dubu. Hakuuza kitu wala hakutafuta sifa. Alipenda tu ile saa ambapo gogo linakuwa gogo, gogo, gogo, halafu ghafla kuna mtu ndani anakutazama. Hilo lilimsimamisha nywele kila lilipotokea, na hakujua kulieleza.

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya baba yake. Mzee huyo alikuwa dereva wa malori enzi zake, mtu wa sauti nzito na maneno mengi, mpaka kiharusi kilipompiga kikaondoka na mkono wake wa kulia na maneno yake karibu yote. Yalibaki machache: maji, hapana, taratibu, moto. Alikaa barazani kutwa nzima, fimbo kati ya magoti, akiutazama mwerezi mkubwa uliosimama katikati ya ua. Mwewe mmoja alizoea kutua juu yake, na mzee alikuwa akimfuata kwa macho mpaka apotee.

Kisha dhoruba ikaja na kuulaza ule mwerezi chini, pembeni kidogo tu ya paa la jikoni. Walitoka kuutazama. Ulikuwa mrefu zaidi ukiwa umelala kuliko ulivyokuwa umesimama. Karibu na nusu ya shina, matawi mawili manene yalitoka moja kushoto na jingine kulia, yakilingana, na shina likaendelea mbele likijipunguza. Mkata miti alikuja na winchi, wakauinua juu ya magogo mafupi, wakakata mizizi na vilele. Mama Vumbi alipokata kipande cha kwanza, moyo wa mti ulitokea mwekundu mbichi, na harufu yake ikajaa uani, ikaingia jikoni, ikaingia mpaka kwenye nguo kabatini. Aliuzima msumeno, akavua glavu, akauwekea mti kiganja. Ulikuwa na unyevu na ubaridi, na miduara yake ilibanana hata isihesabike. Alijiona mdogo sana pale.

Akamwendea baba yake, akachuchumaa mbele yake.

"Baba, mti huu ni wako. Nikuchongee nini?"

Midomo ya mzee ikaanza kufanya kazi, shingo ikakaza, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kinyozi alitaka kumletea maji, mkewe akamzuia kwa mkono.

"Ndege," mzee akasema.

Lilikuwa neno jipya la kwanza tangu augue. Mama Vumbi alilia palepale, akacheka, akalia tena, na machozi yakamchorea mifereji kwenye vumbi la mashavuni. Kuanzia hapo alitaka jambo moja tu duniani: baba yake, aliyeshindwa kuomba hata chumvi, apate hiki kimoja alichokiomba.

Alichora kwa chaki juu ya gamba. Alichora mwewe, kichwa upande wa shina nene, matawi mawili yawe mabawa, ile sehemu nyembamba iwe mkia. Alimpeleka mzee karibu, mkono begani.

Mzee aliangalia, akatikisa kichwa. "Hapana." Akaunyoosha mkono wake mzima, akaushikilia sawasawa, bila kuukunja kiwiko.

"Mabawa yanyooke zaidi? Apae, asitue?"

Mzee alifumba macho. Mama Vumbi akakubali kuwa hiyo ni ndiyo, akaifuta chaki, akayanyoosha mabawa.

Wiki zile aliishi ndani ya mngurumo. Akitoka kazini alivua aproni, akavaa suruali ya kinga, akanoa meno ya mnyororo jino kwa jino, akaanza. Msumeno mkubwa ulimenya tumbo na mgongo. Maranda yalipanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, mekundu na laini, na kinyozi aliyefagia nywele za watu kutwa kazini akaja kufagia na haya. "Nywele za mti nazo ni zangu," alilalamika, ufagio mkononi, na kichwa chake mwenyewe kikiwa kichaka, maana kinyozi hajinyoi.

Jumamosi dada mkubwa wa Mama Vumbi alikuja kumtazama baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwema kabisa, lakini aliyesahihisha watu hata kwenye mazishi. Alikuwa na imani kwamba baba atapona kwa mazoezi, kwa hiyo aliketi naye barazani na kumwonyesha vitu: kikombe, mlango, dirisha. Siku hiyo mzee hakujali kikombe. Alinyoosha kidole kwenye mwerezi.

"Ndege," alisema. Akapumua, akakusanya nguvu. "I... iko wapi?"

Mwalimu alifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja. "Yuko, baba. Ndege yuko wapi. Sema: yuko."

"Iko."

"Yuko. Ndege ana uhai. Yu-ko."

Mzee alipiga fimbo sakafuni. Mama Vumbi, aliyekuwa na viziba masikio, aliona tu midomo na fimbo. Alipozima mashine dada yake alimfuata mpaka bandani.

"Ngeli zimempotea," alisema kwa sauti ya chini. "Maneno yanarudi ila sarufi imevurugika. Tusimkatize sana, lakini tumrekebishe."

Wakawa wanamrekebisha. Kila mzee aliposema "iko", mmoja wao alisema "yuko", kwa upole, kama unavyomfunga mtu kifungo alichokiruka. Hata kinyozi, akimnyoa ndevu, alisema. Mzee akaanza kunyamaza. Mama Vumbi aliona kunyamaza huko kukamuuma, akadhani ni uchovu, akaongeza bidii ili ndege akamilike haraka.

Ndipo kikatokea kichwa.

Aliacha kichwa mpaka mwisho kwa sababu alikiogopa. Alitumia msumeno mdogo, kwa ncha, akishika pumzi. Mdomo ulitoka kwanza, umejipinda vizuri. Kisha akakutana na fundo ndani ya mti, jeusi, gumu, mahali ambapo jicho lilitakiwa kuwa. Mchongaji mwingine angelaani. Yeye alilizunguka taratibu kwa patasi na msasa, akalipaka mafuta, akarudi nyuma hatua chache. Jicho lilimwona. Si kwamba lilifanana na jicho. Lilimwona, na lilikuwa na hasira ya kiumbe aliyeamshwa. Alijikuta anasema "samahani" kwa sauti.

Mtaa ulikuja kuangalia. Jirani wa kushoto, ambaye hakuwahi kumsamehe kwa ule bundi, alimzunguka mwewe, akavua kofia, akasema, "Huyu hujamchonga wewe. Huyu alikuwepo." Mkata miti aligusa shingo yake kwa kidole kimoja tu, kama anayepima joto la pasi. Mama Vumbi alijua kwamba hajawahi kufanya kitu kizuri kama kile, na kwamba pengine hatakifanya tena, na furaha ilimjaa mpaka kooni.

Akamleta baba yake, amemshika kiuno. Mzee alisimama mbele ya kichwa kile kwa muda mrefu. Akaweka kiganja juu ya mdomo wa mwewe. Alikuwa ameshangaa, yeyote angeona. Kisha akamgeukia binti yake, na macho yake yalikuwa yakimwomba.

"Ndege," alisema polepole, kila herufi mahali pake. "Iko wapi?"

Mwewe alikuwa pale pale mbele yake! Mama Vumbi akamwonyesha mabawa, mkia, jicho. "Huyu hapa, baba. Si huyu? Si ndiye uliyemtaka?" Mzee alitikisa kichwa, akamtazama kwa huruma, kama vile yeye ndiye mzima na binti ndiye mgonjwa, akarudi zake barazani.

Jioni ile alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, glavu mapajani, akiwa hana hamu hata ya chai. Dada yake alimkalia karibu. Kinyozi alifagia bila kutania, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Juu yao mngurumo ulianza upande wa mashariki, ukaja ukikua, na mzee akainuka kwenye kiti chake bila fimbo.

"Ile!" alisema. Mkono wake ulikuwa juu, umenyooka. "Ile! Ile!"

"Yule, baba," mwalimu alisema kwa mazoea, akiinua macho kumtafuta mwewe. "Ndege yu..."

Hapakuwa na mwewe. Mbingu ilikuwa tupu kabisa, isipokuwa ndege moja ya abiria, nyeupe, iking'aa tumboni kwa jua la magharibi, ikipita juu ya paa zao kwa mabawa yake yaliyonyooka bila kiwiko.

Mwalimu aliifuata kwa macho.

"Hajakosea," alisema hatimaye. "Mungu wangu. Hajakosea hata mara moja."

Kinyozi aliacha ufagio ukaanguka. Naye ndiye aliyelikumbuka, kwa kuwa alilisikia kila harusi na kila kipaimara: mzee akiwa na kikombe mkononi, akijigamba kwamba ameendesha kila kitu chenye usukani, malori, matrekta, mpaka gari la kuzoa taka, kasoro ndege tu, na ndege hajaipanda hata kama abiria. Watu walicheka siku zote. Na mzee alicheka nao, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuwa ndani yake kulikuwa na kiu.

Mama Vumbi alikuwa akiyahesabu upya yote: mkono ulionyooshwa, macho yaliyofumbwa, fimbo sakafuni. Mtu aliyebakiwa na maneno ya kuhesabu kwa vidole alikuwa amelibeba neno lake pamoja na silabi yake moja sahihi, akaliweka mbele yao kila siku, safi, bila kosa, na wao, wazima wa ulimi, kila siku walikuwa wakimrudishia limeharibika. Aliona haya, lakini kilichomshinda zaidi kilikuwa mshangao. Alimtazama baba yake, mzee mwembamba aliyesimama bila fimbo, na alimwogopa kidogo, kama alivyouogopa mti siku ile ulipolala.

Akainuka, akavaa kofia.

"Unafanya nini?" kinyozi aliuliza.

"Nitakitoa kichwa. Nitafanya pua. Mabawa yapo, mkia upo."

"Mke wangu, kichwa hicho? Tafuta gogo jingine."

"Aliniomba mti huu. Sikumsikia. Sasa nimemsikia."

"Ulichokata umekata," kinyozi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

Aliuwasha msumeno mkubwa. Alisimama ubavuni mwa mwewe, akaupanga mnyororo juu ya shingo, na jicho lile jeusi likamtazama. Hajawahi kuchukia kazi ya mikono yake namna ile, wala kuipenda namna ile. Akashusha pumzi ili ashushe mashine, na hapo akaona fimbo ikipita mbele ya wavu wa kofia yake na kulala juu ya shingo ya ndege, kati ya mti na chuma.

Alizima haraka, akavua viziba masikio. Baba yake alikuwa amevuka ua peke yake, akiburuta mguu kwenye maranda. Alikuwa akihema. Akauweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mwewe, nyuma ya jicho, akampapasa.

"Huyu," alisema. Akapumzika. "A... abaki."

Mwalimu, nyuma yao, alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mkono wa mzee ukaondoka kichwani, ukateleza shingoni, ukafika mgongoni, mahali mabawa mawili yalipokutana. Akapapiga mara mbili.

"Hii," alisema. "Kiti."

Mama Vumbi alicheka kwa machozi. Lilikuwa jambo rahisi mno, na lilikuwa kubwa kuliko yeye. Gogo moja, na mzee aliona mle ndani vyote viwili, mwenye uhai na isiyo na uhai, na hakutaka hata kimoja kife kwa ajili ya kingine. Yeye mchongaji hakuwa ameviona.

Kukicha hakwenda kazini. Mtaa ulikula mikate ya jana na haukufa. Alimkalisha baba yake kwenye kigoda, akampima nyonga kwa kamba, akapima goti, akapima mpaka wapi mkono wa kushoto unafika. Msumeno mkubwa ukafungua mgongo, mdogo ukachimba kiti, grenda ikakilainisha, na msasa ukapita mara nyingi kiasi kwamba kinyozi alisema hata shavu la mteja wake halijawahi kulainika vile. Aliendeleza benchi kuelekea mkiani kwa sababu moyo wa mti ulikuwa mzuri huko na alishindwa kuuacha gizani. Moto wa gesi ukapita juu ya mabawa, manyoya yakakolea wekundu wa ganda la mkate. Mafuta yakafuata, na mti mzima ukawaka kwa ndani.

Walimpandisha wawili, kinyozi kwapani, Mama Vumbi miguuni. Mzee alitua kwenye kiti, na kiti kilimpokea barabara. Mbele yake ilikuwa shingo ya mwewe, na mkono wake ukaishika. Mwalimu alikuwa amefika kutoka shuleni, chaki ingali vidoleni.

"Baba," Mama Vumbi alisema. "Ndege iko tayari."

Mzee alitazama bawa la kushoto mpaka nchani. Akatazama bawa la kulia mpaka nchani. Kisha akageuza shingo yake ngumu, akawaangalia watatu wale waliosimama chini kwenye maranda, na midomo yake ikaanza kufanya kazi. Hakuna aliyemsaidia. Hakuna aliyejaribu kulimalizia neno.

"Pandeni," alisema.

Wakapanda. Mwalimu alitangulia na viatu vyake vya shule, kinyozi akafuata na taulo begani, na Mama Vumbi akawa wa mwisho, na vumbi lake lote. Mzee alisubiri mpaka wote wameketi na kushikana. Ndipo akageuka, akatazama mbele.